Deni la Chuo Kikuu kwa Wapiga Endara



Nimeombwa nizungumzie msimu wa maonyesho ya muziki. Wazo lililo mezani ni kwamba chuo kikuu kiwe na ratiba ya mwaka mzima, kialike wapigaji wa kila namna, kuanzia kwaya hadi bendi za dansi, na wakazi wa Kasese na Bwera wakaribishwe wote. Naliunga mkono. Ila nina sharti, na nitalisema mapema ili mjue naelekea wapi. Chuo kikuu chochote kitakachofungua msimu wa namna hiyo chini ya mlima Rwenzori kinaanza kikiwa na deni. Kwa zaidi ya nusu karne muziki wa watu wa Rwenzori umerekodiwa, ukaandikiwa makala na ukatungiwa mitihani, na waliofaidika zaidi ni sisi wa vyuoni. Msimu huu uwe mwanzo wa kulipa.

Nianze na endara yenyewe, maana ukiijua endara utaelewa kwa nini ukumbi mzuri hautoshi. Endara ni marimba ya Wakonzo: vibao vya mti vinavyopangwa, kirefu hadi kifupi, juu ya magogo mawili ya mgomba yaliyolazwa chini. Kati ya kibao na kibao huchomekwa vijiti ndani ya gogo ili vibao visisogee wala kugongana. Wapigaji huketi huku na huku, kila mmoja na fimbo zake na sehemu yake, na hakuna hata mmoja anayeubeba wimbo wote. Wimbo unatokea kati yao. Mgeni akimtazama mpigaji mmoja peke yake atadhani anarudia jambo dogo tu. Akifumba macho akasikiliza wote kwa pamoja ndipo atakaposikia kinachoimbwa. Kulinganisha sauti nako ni kazi ya chuma na sikio: fundi akichonga tumbo la kibao, sauti inashuka, akipunguza ncha, inapanda. Anachonga kidogo, anagonga, anasikiliza, anachonga tena.

Sasa tazameni lile gogo. Lazima liwe bichi. Likiwa bichi ni laini, limejaa maji, linakipokea kibao bila kukibana, kwa hiyo kibao kinalia kwa uhuru. Likikauka linanywea, vijiti vinalegea, na vibao vinaanza kutembea. Ndiyo maana endara haikai mahali pamoja miezi na miezi kama piano. Vibao vinahifadhiwa nyumbani. Magogo yanakatwa shambani shughuli ikikaribia. Na mgomba uliokatwa unatoa utomvu, na utomvu huo kila mama hapa anajua unavyofanya nguo. Ukidondokea saruji iliyopakwa rangi, au zulia la ukumbi wa mikutano, doa halitoki. Nimeona waandaaji wakihangaika na hilo dakika za mwisho, wakitandika magunia, wakiwaomba wapigaji wazee waketi juu ya viti vya plastiki huku ala iko chini kabisa, mikono haifiki. Jukwaa lenye mapazia lilijengwa kwa ajili ya watu wanaosimama upande mmoja wakitazamwa kutoka upande mwingine. Endara inataka uwanja, kivuli, na watu kuizunguka.

Kwa upande mwingine kuna enyamulera, filimbi ya mtu mmoja, ambayo sauti yake ni nyembamba na inataka utulivu. Ukiiweka mbele ya spika mbili kubwa zinazonguruma kwa jenereta, umeiua. Hiyo inataka chumba kidogo, watu hamsini au sitini, simu zimezimwa. Na kuna eluma, mirija ambayo kila mmoja unatoa sauti moja tu, hivyo kikundi kizima kinalazimika kupokezana ili wimbo mmoja ukamilike; mtu mmoja akikosa kuja kwa sababu hana nauli, wimbo una pengo. Tunapotamka maneno “muziki wa aina mbalimbali” tukumbuke kwamba kila aina ina namna yake ya kuketi, kusikiliza na kusafirishwa. Ratiba itakayoweka kila kitu jukwaani saa kumi na moja jioni, chini ya taa zilezile na vipaza sauti vilevile, itakuwa na majina mengi na muziki wa aina moja.

Sasa deni. Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki Mjerumani aliyeikimbia nchi yake wakati wa utawala wa Hitler, alifika Uganda mwaka wa 1937, na kuanzia mwaka wa 1948 akawa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda. Alizunguka nchi na mashine ya kurekodi, akakusanya nyimbo na ala kwa wingi ambao hakuna aliyewahi kuufikia kabla yake. Kazi yake ilikwenda London, na leo iko katika Maktaba ya Uingereza. Miaka zaidi ya hamsini ikapita ndipo nakala zikarudi Makerere, hasa kwa juhudi za Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza, na hifadhi ya muziki iliyopo pale sasa ina jina la Wachsmann. Baada yake alikuja Peter Cooke, Mwingereza aliyefundisha Kyambogo katika miaka ya 1960, ambaye masikio yake aliyaelekeza pia huku kwetu. Mwaka wa 1982 yeye na Martin Doornbos walichapisha katika jarida la Africa makala kuhusu nyimbo za upinzani za Rwenzururu, harakati ya watu wa mlima huu dhidi ya utawala wa Toro.

Wazee mliopo hapa mnazijua nyimbo hizo kuliko makala yoyote. Mnajua kwamba Isaya Mukirane na wenzake walipotangaza Rwenzururu tarehe 30 Juni 1962, kilio cha watu dhidi ya utawala wa Toro kilikuwa kimeshaimbwa. Mnajua jinsi majina ya viongozi wa uasi, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, walionyongwa na Waingereza mwaka wa 1921, yalivyoendelea kutajwa na watu ambao hawakuwahi kuona kitabu chenye habari zao. Lakini makala ile iko kwa Kiingereza, katika jarida linalosomwa vyuoni. Mjukuu wa mwimbaji aliyeko Kinyamaseke akitaka kuisikia sauti ya babu yake, aanzie wapi? Aende Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 300? Aandike barua London?

Siwalaumu waliorekodi. Bila wao sauti nyingi zingekuwa zimezikwa na wenyewe. Lawama naielekeza kwetu tuliokuja baadaye, wenye kompyuta na intaneti, tulioziacha zikakaa kabatini. Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza ni hili: kila onyesho la msimu lifunguliwe kwa rekodi moja ya zamani. Ipigwe mbele ya watu, kisha tuulize: nani anaujua wimbo huu? Uliimbwa wapi, kwenye shughuli gani? Nani anamfahamu aliyeimba? Majibu yaandikwe papo hapo na mwanafunzi aliyekaa karibu na wazee, kwa Kikonzo kama yalivyotamkwa. Hapo chuo kitakuwa kinapokea elimu huku kinarudisha mali.

Kuna watakaosema kwamba muziki wa asili hauko hatarini, kwa kuwa shule zetu zina mashindano kila mwaka. Ni kweli, na nawashukuru walimu wa muziki wa shule za msingi, ambao mara nyingi wananunua ngozi za ngoma kwa fedha za mifukoni mwao. Mashindano hayo yamefanya mtoto wa Kasese ajue kucheza runyege ya Watooro na mtoto wa mbali ajue ngoma ya Wakonzo. Lakini mashindano yana karatasi ya alama. Ngoma inayochezwa usiku kucha kijijini inabanwa iingie katika dakika chache, inawekwa mwanzo na mwisho wa kuwapendeza majaji, tabasamu linakuwa la lazima. Mtoto anajifunza kushinda. Hapati nafasi ya kumwona mtu mzima akipiga kwa saa mbili bila kupewa alama na mtu yeyote, akikosea, akicheka, akirudia. Msimu wa maonyesho unaweza kumpa mtoto huyo kile ambacho mashindano hayawezi kumpa.

Wazo la chuo kikuu kuwafuata wananchi si geni Uganda. Mwaka wa 1965 wanafunzi wa Makerere, pamoja na mwalimu wao David Cook, walianzisha kundi la maigizo la kuzunguka bila kiingilio. Likizo ndefu ilipofika walipanda gari na mavazi yao, wakacheza mashuleni, viwanjani na popote palipopatikana nafasi, kwa Kiingereza, Kiswahili, Kiganda na Runyoro-Rutooro. Mmoja wa waandishi waliotoka Makerere ya miaka ile ni John Ruganda, mzaliwa wa Fort Portal, jirani yetu kabisa. Yeye alilipeleka wazo hilo Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya 1970, na kundi la Nairobi nalo likazunguka Kenya bila kutoza senti. Kule Kamiriithu, karibu na Limuru, wahadhiri wa chuo hichohicho walikwenda mbali zaidi mwaka wa 1977: wakulima na wafanyakazi walisikiliza mswada wa mchezo, wakawasahihisha maprofesa lugha, nyimbo na ngoma. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo baada ya wiki chache, na mmoja wa wahadhiri hao, Ngũgĩ wa Thiong'o, akawekwa kizuizini. Mwaka huohuo wa 1977, hapa Uganda, Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maigizo, aliuawa na utawala wa Amin. Natamka mambo haya ili vijana wajue kwamba sanaa ya kuwafuata watu ililipiwa kwa gharama kubwa. Sisi tunaombwa tulipie magari na vipaza sauti tu.

Nitoe mfano mmoja wa mbali. Mji wa Ann Arbor, Marekani, una chuo kikuu, University of Michigan, chenye moja ya misimu ya maonyesho ya muziki inayojulikana sana duniani. Ulianzaje? Mwaka wa 1879 waimbaji wa mjini na watu wa chuo walikusanyika kujifunza Messiah ya Handel. Mwaka uliofuata wakaunda chama cha muziki, na chama hicho kipo mpaka leo. Mbegu ilikuwa waimbaji wa kawaida, walioimba kwa kupenda. Nani kati yenu hajawahi kusikia kwaya za makanisa ya Kasese? Waanglikana wa Rwenzori Kusini, Wakatoliki, Waadventista: tuna sauti za kutosha kuanzisha vyama kumi vya aina hiyo. Na chuo hicho cha Michigan si mgeni katika eneo letu. Kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, kule Fort Portal, kuhifadhi nyaraka za zamani za wilaya ya Kabarole, makaratasi yaliyokuwa yakiliwa na mchwa. Kama karatasi za mkuu wa wilaya wa kikoloni zilistahili kuokolewa, sauti ya mpiga enyamulera inastahili zaidi.

Nije Bwera, mji wetu wa mpakani, maana hapa ndipo mipango mingi ya Kasese inapokatikia. Ratiba ikipangwa mjini Kasese, mtu wa Bwera anaalikwa kwa maneno tu. Onyesho likiisha saa mbili usiku, atarudije? Taksi zimekwisha, bodaboda anataka bei ya usiku, na njia ile ina giza. Na tuseme wazi lililo mioyoni mwetu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji wa kundi la waasi la ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua zaidi ya watu arobaini, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala. Hakuna mzazi wa Bwera atakayemruhusu mtoto wake akae nje usiku kwa ajili ya tamasha, na hatuna haki ya kumwomba. Maonyesho ya Bwera yawe mchana, yaanze saa nane, yaishe kabla ya magharibi. Na yawe nusu ya msimu mzima. Onyesho moja la Bwera mwishoni mwa mwaka, la kutimiza wajibu, sitalikubali.

Siku nayo ina mambo yake. Waandaaji wengi hupenda Jumamosi. Lakini wilaya hii ina Waadventista wengi, na kwao Jumamosi ni Sabato. Ukiweka onyesho siku hiyo umeziacha nje baadhi ya kwaya bora tulizonazo. Jumapili asubuhi ni ibada. Ijumaa adhuhuri ndugu zetu Waislamu wako msikitini. Inabaki Jumapili alasiri, na zinabaki siku za soko la Mpondwe, ambapo maelfu ya watu wa pande zote mbili za mpaka tayari wako pale, na magunia yao, na nauli ya kurudi mfukoni. Mimi ningechagua siku ya soko, pembeni ya soko, baada ya wachuuzi kumaliza kazi kubwa.

Mpaka wenyewe uliwekwa na Wazungu waliokubaliana Brussels mwaka wa 1910. Waliokuwa ng'ambo wakaitwa Wanande, waliokuwa huku wakaitwa Wakonzo, na lugha zao mpaka leo zinasikilizana. Tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili ndicho kinachofanya biashara pale darajani kila siku. Kule Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka wa 1989. Je, msimu huu usiwe wa vyuo viwili, wa huku na wa kule? Bendi ya Butembo ipige Bwera, kikundi cha Bwera kipige Butembo pale usalama unaporuhusu. Mshereheshaji azungumze Kikonzo na Kiswahili kwanza. Kiingereza na Kifaransa vifuate kwa wageni. Tusisahau kwamba muziki wa dansi wa Afrika Mashariki ulinenepeshwa na Wakongo waliopitia Uganda. Samba Mapangala na wenzake wa Les Kinois walikuwa Kampala mwaka wa 1975 kabla ya kuhamia Nairobi, ambako baadaye Mapangala alizaa Orchestra Virunga, bendi yenye jina la milima ya volkano iliyo kusini mwetu. Kwa hiyo gitaa la rumba nalo ni la kwetu, liwe na siku yake kwenye ratiba.

Limebaki suala gumu: nani ataalikwa, na nani atatangulia. Wilaya hii ni ya Wakonzo, Wasongora, Wanyabindi, Watooro, Waamba, na watoto wa makabila mengi walioletwa na shaba ya Kilembe na reli iliyofika Kasese mwaka wa 1956. Tumeumizana. Novemba 2016 watu zaidi ya 100 waliuawa Kasese katika mapambano yaliyoishia kwenye kasri la Omusinga, mfalme wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere, naye alirudi nyumbani Oktoba 2023 tu. Kuna familia ambazo hazijakaa meza moja tangu wakati huo. Sitawadanganya kwamba muziki utamaliza hayo. Haki na fidia ni kazi ya mahakama na ya serikali. Lakini naamini chuo kinaweza kuweka uwanja mmoja ambapo Msongora anaimba nyimbo za ng'ombe wake na Mkonzo anapiga endara yake siku moja, bila bendera ya chama, bila mgeni rasmi wa kuhutubia kwa saa nzima. Zamu ya kutangulia izunguke, na iandikwe kabla msimu haujaanza. Mwaka wa uchaguzi usibadilishe kitu.

Nimalizie na fedha, kwa sababu heshima isiyo na fedha wapigaji wetu wameshaizoea mno. Desturi ni kwamba mtaalamu anayekuja kuzungumza analipwa, mpiga picha analipwa, mwenye mahema na spika analipwa kabla hata ya kushusha vyombo, na wapiga ngoma wanapewa soda, sahani ya wali na nauli isiyotosha. Hii ni dhuluma, na chuo kikiifanya ni dhuluma iliyosoma. Mpiga endara anayekuja kutufundisha ni mhadhiri wa siku hiyo. Alipwe kiwango kilekile cha mhadhiri mgeni, asaini fomu ileile, na akirekodiwa apewe nakala na karatasi inayosema sauti hiyo ni mali yake na ya kikundi chake.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa chuo, kabla hawajanunua taa wala kuchapisha mabango, ni moja: mstari wa kwanza wa bajeti ya msimu uwe malipo ya wapigaji, wa pili uwe usafiri wa kwenda na kurudi Bwera. Na ninyi wazee mnaojua nani bado anahifadhi vibao vya endara darini, msisubiri barua yetu. Tuleteeni majina yao leo, kabla hatujatawanyika.